Nilivyofunga Chaneli ya Yaya Kavira

Bwera, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba inayoshuka kutoka milimani bila haraka, na barabara ya kwenda mpakani imekuwa uji mtupu. Sijafungua duka. Nimechemsha chai, nikaimimina, ikapoa mbele yangu na sasa ina utando juu. Sina hamu nayo.

Mnaopita kwenye blogu hii mnanijua kwa bei za mawese, malalamiko ya umeme na majigambo yangu kuhusu bitkoini. Leo majigambo hayapo. Nimempoteza mtu, na wala hajafa. Yuko ng'ambo ya mto, mzima wa afya, anauza kama kawaida.

Niandike tu, labda kifua kitapungua uzito.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi nilizaliwa kwenye kota za wafanyakazi wa simenti kule Hima. Baba alitoka Busia ya Kenya kutafuta kazi hakurudi tena, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, ndiyo maana naandika hivi. Niliolewa na Baluku, Mukonzo wa hapa Bwera. Yeye anafanya kazi Kasese mjini na kuja nyumbani Jumamosi. Mimi nauza unga wa mahindi, maharage na sabuni kwa jumla.

Yaya Kavira ni mjane wa Kasindi, upande wa Kongo. Anauza mawese. Miaka mingi ananunua unga kwangu, nami nanunua mawese kwake. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo namwita Yaya, na yeye ananiita mudogo wangu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu kwa upasuaji, Baluku akiwa safarini, ni Yaya aliyevuka na ndizi za kuchemsha kwenye kapu na kulala kwenye sakafu ya wodi mpaka niliporuhusiwa. Manesi walidhani ni dada yangu wa tumbo moja. Hatukuwasahihisha.

Shida yetu ilikuwa malipo tu. Huku ni shilingi, kule ni faranga na dola, na kila pesa ikivuka daraja, mbadilishaji anaing'ata kidogo. Tukitumia simu, kampuni nazo zinang'ata. Mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona nilikaa nyumbani nikijisomea mambo ya bitkoini, nikafika kwenye kile wanachokiita tabaka la pili, mtandao wa Lightning, yaani radi. Nikasema, haya ndiyo mambo yetu mimi na Yaya.

Ngoja niyaeleze kwa njia niliyomweleza yeye.

Bitkoini yenyewe ni kama daftari moja la dunia nzima. Kuandika humo kunachukua muda na kunalipiwa ada, kwa hiyo huwezi kuandika kila jerikeni la mawese. Sasa watu wawili wanaolipana mara kwa mara wanafanya hivi: wanaweka pesa kwenye sanduku moja lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wa huyu na mwingine wa yule. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake hivi hivi. Kuweka sanduku hilo kunaandikwa kwenye daftari la dunia mara moja, basi. Hiyo ndiyo chaneli.

Baada ya hapo mambo ni yenu wawili. Simu zenu zinaandikiana karatasi, karatasi za kompyuta, zinasema: ndani ya sanduku, zako ni hizi na zangu ni hizi. Yaya akinunua unga, tunatia sahihi karatasi mpya ambayo upande wangu umeongezeka. Nikinunua mawese, karatasi nyingine mpya, upande wake unaongezeka. Inachukua muda wa kupiga chafya. Dunia haijui wala haiulizwi. Siku mkichoka na biashara, mnapeleka karatasi ya mwisho kwenye daftari la dunia, sanduku linafunguliwa, kila mtu anabeba chake.

Mjanja atauliza hapo hapo: sasa kinanizuia nini nisipeleke ile karatasi ya zamani, ya siku nilipokuwa na nyingi? Kila mtu huuliza. Yaya mwenyewe aliuliza kabla sijamaliza sentensi.

Jibu ndilo lililonifanya niipende hii kitu. Kila mnapoandika karatasi mpya, kila mmoja anamkabidhi mwenzake siri ya karatasi yake ya zamani. Ukithubutu kupeleka ya zamani, hupewi fungu lako papo hapo, unasubirishwa kwanza. Na wakati unasubiri, mwenzako akiwa na ile siri anaweza kuchukua sanduku lote. Siyo fungu lake tu. Lake na lako, unabaki mikono mitupu. Kwa hiyo mwizi ana kila sababu ya kuogopa, na karatasi za zamani zinakuwa sumu kwa mwenyewe.

Ila lazima mwenzako aone. Kama simu yake imezimwa wakati wote huo wa kusubiri, mwizi anaondoka na mzigo. Kwa hiyo kuna mlinzi, kompyuta iliyoko mbali isiyolala. Simu inampa bahasha zilizofungwa. Hajui ni za nani wala kuna pesa kiasi gani. Anachungulia daftari la dunia tu, na karatasi ya zamani ikitokea, bahasha moja inafunguka na adhabu inatoka yenyewe.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye kigoda cha Yaya nikamwekea huyo mlinzi kwenye simu yake. Kasindi umeme ni wa kubahatisha, nikasema asije akapunjwa kwa sababu ya chaji. Siku hiyo nilivuka daraja kurudi Bwera nikiwa na furaha ya mtu aliyemjengea dada yake nyumba.

Ili aelewe vizuri, nilitumia habari za kuchanjana. Babu yake Baluku na babu yake Yaya walichanjana, kama familia inavyosimulia. Tunda moja la kahawa lina punje mbili, kila mmoja akapaka punje damu yake, wakabadilishana, wakameza. Tangu hapo mmoja hawezi kumdhuru mwenzake, maana amebeba damu yake tumboni, na akimsaliti tumbo litavimba mpaka afe. Nikamwambia Yaya, hii ni ile ile, mimi nameza yako na wewe unameza yangu. Alicheka sana, akawaita majirani waje wasikie. Halafu akauliza, na ule mwenye kukosea tu, bila roho mubaya, naye tumbo iko navimba?

Nikamwambia hilo halitokei.

Wiki iliyopita, Ijumaa, umeme ulikatika dukani ukarudi kwa hasira. Laptopu yangu ikatoa moshi. Chaneli ilikuwa inaishi ndani ya laptopu hiyo, simu yangu ilikuwa dirisha la kuchungulia tu. Nilisikitika lakini sikuogopa, kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada huwa nanakili kila kitu kwenye flashi. Nilijiona mtu mwangalifu mno.

Siku hiyo hiyo mtandao wa Kasindi ukazimika. Tukaanza kuona watu wanavuka daraja na magodoro kichwani, watoto mkononi. Walisema kuna vurugu huko ndani, hakuna aliyejua ni umbali gani. Nikampigia Yaya, simu haiendi. Nikampigia tena na tena. Mama mmoja aliyevuka aliniambia kibanda chake kimefungwa. Mwingine akasema amesikia ameondoka na magari ya kwenda Butembo.

Nilikosa raha kabisa. Jumatatu nikaitia flashi kwenye mkoba, nikaenda Kasese kwa Baluku kutumia kompyuta yake ya ofisini. Njia nzima nilikuwa naomba, tulipopita Muhokya abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Kwa Baluku kulikuwa na joto la kupasua kichwa. Nikaweka flashi, programu ikaamka, nikaiona chaneli yetu. Ikamtafuta Yaya, haikumpata. Nikawaza: kama amekimbia, na pesa zake zimefungwa ndani ya sanduku hili pamoja na zangu, atakula nini huko aliko? Nikifunga chaneli mimi mwenyewe, fungu lake litatoka, na popote atakapopata mtandao atalikuta linamngoja. Mmoja anaruhusiwa kufunga peke yake. Wanaita kufunga kwa nguvu. Programu ilinionya kwa maneno mekundu, nikayasoma kama mtu anavyosoma tangazo la usivute sigara.

Nikafunga. Haki ya Mungu, nilidhani namsaidia.

Flashi ilikuwa ya zamani. Jumapili ya mwisho kabla ya laptopu kuungua askofu alikuja kutoa kipaimara, mimi niko kwenye kamati ya chakula, nikarudi nyumbani miguu imevimba nikalala. Sikunakili. Na Jumamosi, siku moja kabla ya hapo, nilikuwa nimemlipa Yaya mzigo mkubwa wa mawese, mkubwa kuliko yote mwaka huu. Flashi haikuyajua hayo. Karatasi niliyoipeleka ilikuwa ya kabla ya malipo hayo.

Yaani nilisimama mbele ya dunia nzima nikasema mawese ya Yaya sijayalipa.

Mlinzi akaona. Hakuuliza. Asubuhi ya Jumanne nilipoangalia, sanduku lote lilikuwa limekwenda upande wake. Kwanza nilidhani nimeingiliwa na wezi, nikaanza kumlaumu Baluku na kompyuta yake. Kisha nikatazama zile tarehe za kwenye flashi. Nilikaa sakafuni pale ofisini kwake, watu wanapita wananitazama, na Baluku akasema, si utamweleza tu, ni Yaya huyu.

Jumanne jioni mtandao wa Kasindi ulirudi. Nilifurahi, nikampigia, ikaita mpaka ikakatika. Nikatuma ujumbe mrefu. Nikaona ameusoma, wala hakunipigia. Hapo ndipo nilipojua kwamba simu yake ilinitangulia, imeshamwambia. Zile programu husema mambo hayo bila kupepesa macho: mwenzako amejaribu kukuibia, amezuiwa, pesa ni zako.

Jana nikavuka.

Hakuwa amekwenda Butembo wala wapi. Alijifungia nyumbani na majirani siku zile zote, pale pale Kasindi. Nilipomwona yuko hai nilitaka kumkumbatia, nikanyoosha mikono. Hakuinuka. Pembeni yake walikuwa wamekaa mama wawili wa vibanda vya jirani, nawafahamu, wameshakula kwangu. Walinisalimu wakitazama chini.

"Karibu, madame," akasema Yaya.

Madame. Miaka yote hii sijawahi kuwa madame kwake.

Nikamweleza. Laptopu, umeme, flashi, askofu, kipaimara, yote. Nililia, sioni haya kuandika. Yaya si mtu wa kumkatiza mwingine, alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akafungua kanga aliyoiweka mapajani, mna dola. Alikuwa ameshabadilisha zile bitkoini kwa watu wa pale, akalinganisha na karatasi ya mwisho ya kweli ambayo simu yake inaikumbuka, akatenga fungu langu. Akalisukuma mbele yangu.

Nikasema sikuja kwa ajili ya pesa. Nikamwambia, Yaya, niambie tu kwamba unaniamini.

Akasema polepole, bila ukali hata chembe:

"Pengine iko vile unasema. Mi sijue kompyuta. Lakini ni weye ulikuja hapa ukaniambia, kwa hii kitu hatuna tena lazima ya kuaminiana. Njo vile ulinifundisha. Mi nilikuwa nakuamini tangu zamani, na ilikuwa inatosha."

Ni kweli nilisema hivyo, tena kwa kujidai, nikitabasamu. Ndivyo wanavyosema wote wanaoipigia debe hii kitu, ndiyo sifa yake kubwa.

"Hesabu," akasema. "Hawa mama beko naona."

Nikahesabu. Mbele ya mashahidi, kama mgeni aliyeshuka kwenye lori. Hatujawahi kuhesabiana pesa mbele ya watu, mimi na yeye. Nilikosea, ikabidi nianze upya, na mmoja wa wale mama akawa ananisaidia kwa sauti ya chini. Zilitimia. Hakuna hata faranga moja iliyopungua. Alichukua chake tu, wakati mtambo ulikuwa umempa vyote. Angekula vyote ningemchukia, na chuki ingenipoza.

Akashukuru kwa kuja. Akasema nipite salama.

Tangu jana nimekaa na hasira ambayo sijui niielekeze wapi. Kuna wakati namkasirikia yeye. Ulilala sakafuni kwa ajili yangu, Yaya, ukanifulia nguo zenye damu, halafu simu ikasema mimi ni mwizi ukaiamini kabla ya kunipigia? Siku ngapi tumekula sahani moja? Nilitaka kumwandikia hivyo, nikaandika, nikafuta.

Nilifuta kwa sababu ya jambo moja ambalo nimekuwa nalikwepa. Kama ingekuwa kinyume, kama simu yangu ndiyo ingesema Kavira amejaribu kukuibia, mimi ningeamini. Ningeamini upesi kuliko yeye, kwa sababu mimi najua jinsi inavyofanya kazi. Ningesema hesabu haidanganyi. Hata nisingemtengea fungu lake labda, ningesema sheria ni sheria, alijua.

Nimejichukia kidogo kwa hilo.

Halafu nakaa nafikiria wale babu wawili. Baluku anasema zamani mtu akishukiwa kuvunja kiapo, pande mbili zilikaa. Aliyeshukiwa alisimama akasema yake, akaulizwa, akajibu. Kama alikosea bila kukusudia alileta kuku, wakala pamoja, na tumbo likatulia. Mtambo wetu hauna mahali pa kusema. Hauwezi kutofautisha mwizi na mama aliyechoka na kipaimara, na waliouunda hawakukosea, maana mwizi naye angekuja na hadithi ya flashi. Nimelizungusha kichwani tangu jana, sioni ni wapi pangerekebishwa. Kila kipande kilifanya kazi yake. Mlinzi niliyemweka alimlinda Yaya dhidi yangu, kama nilivyomwagiza.

Baluku amepiga leo asubuhi. Anasema nimpe muda, Yaya ana moyo mzuri. Najua ana moyo mzuri, niliuona jana umekaa mbele yangu unanisukumia dola. Ndiyo sababu sioni muda utafanya nini. Mtu akikukasirikia utangoja apoe. Yeye hajakasirika. Ameniondoa tu mahali nilipokuwa na kuniweka mahali wanapokaa wateja, na pale ananitendea haki kabisa.

Dola ziko kwenye sanduku la nguo, sijazigusa. Sitaandika tena hapa kuhusu bitkoini, wanaotaka kujifunza wako wengi wa kuwafundisha. Mwenye chaneli na anakili kwenye flashi, ndugu yangu, acha. Afadhali upoteze laptopu na usubiri mwenzako apatikane, hata kwa mwezi, kuliko kupeleka karatasi usiyoijua ni ya lini. Huo ndio msaada pekee nilio nao.

Mvua imepungua sasa. Wapagazi wameanza kupita na mizigo wakiitana, wanapanga kwa ajili ya kesho, maana kesho ni soko. Unga umejaa dukani na hauwezi kukaa, utaingia wadudu. Itabidi nivuke nikatafute mnunuzi mwingine Kasindi, anilipe mkononi.

Daraja ni moja. Na ukishalivuka, kibanda cha kwanza mkono wa kulia ni cha Yaya Kavira, yeye huwa amekaa ametazama barabarani. Kesho nikifika pale nitasalimia nikisema nini?